Sabuni ya Majivu na Mafuta ya Nazi: Vipimo Kwanza, Povu Baadaye

Siku nyingi tukikutana hapa mazungumzo yetu huwa juu ya palizi, mbolea, au kupulizia dawa mikorosho. Leo hatuendi shamba. Tunabaki uani, karibu na mafiga, kwa sababu pale kuna vitu viwili ambavyo nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe zinavyo na hazivihesabu kuwa ni mali: majivu ya kuni, na nazi ndogondogo au zilizopasuka ambazo mchuuzi amezikataa.

Vitu hivyo viwili, vikikutanishwa kwa vipimo, vinazaa sabuni. Vikikutanishwa kwa kukisia, vinazaa kitu kinachofanana na sabuni, kinachotoa povu kama sabuni, lakini kinachochuna mikono ya mama na ngozi ya mtoto. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Ndiyo maana leo tutazungumza juu ya vipimo kuliko kitu kingine chochote.

KWA NINI HABARI HII

Wenye umri wa makamo wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni zilikuwa haba, na sabuni ikaadimika madukani pamoja na sukari na mafuta. Watu walipanga foleni kwa kipande kimoja. Wengine walifulia majani ya mpapai, wengine wakarudia maarifa ya wazee ya kuchuja majivu.

Siku hizi sabuni imejaa dukani. Hata hivyo mkulima anajua kwamba duka kujaa ni jambo moja na mfuko kujaa ni jambo jingine. Kuna miezi, kabla ya korosho kuuzwa, ambapo nyumba inachagua kati ya chumvi, unga na sabuni, na mara nyingi sabuni ndiyo inayosubiri. Tena kuna jambo la pili. Watu wengi sasa wanatengeneza sabuni majumbani kwa kutumia kostiki soda, na wanaiuza kwenye magulio. Wako wanaopima, na wako wanaomimina tu. Basi ni vizuri sote tujue kazi hii inavyokwenda, anayetengeneza na anayenunua.

SABUNI NI NINI HASA

Mafuta hayachanganyiki na maji. Ukimwaga mafuta kwenye karai la maji, yanaelea. Lakini mafuta yakikutana na magadi makali, yanabadilika kabisa. Si mafuta tena wala si magadi tena. Yamekuwa sabuni, pamoja na kitu kitamutamu kiitwacho glisirini ambacho hulainisha ngozi. Sabuni ina upande mmoja unaoshika mafuta na upande mwingine unaoshika maji. Ndiyo maana inaweza kuung'oa uchafu wa mafuta kwenye nguo na kuondoka nao ndani ya maji.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha magadi. Ukipunguza magadi, mafuta mengine yanabaki yalivyo, na sabuni inateleza, inavunda upesi na haitakatishi vizuri. Ukizidisha magadi, yale yaliyozidi yanabaki ndani ya kipande, yakingoja maji ya kuyaamsha. Yanaamka siku unapooga.

Magadi makali yako ya namna mbili. Yale yatokayo kwenye majivu huitwa potashi, na sabuni yake ni laini kama ugali mwepesi, huchotwa kwa kijiko. Yale ya pili ni kostiki soda ya dukani, na sabuni yake ni mche mgumu unaokatika kwa kisu. Tutaeleza zote mbili. Lakini usichanganye majina: kostiki siyo yale magadi ya jikoni ambayo akina mama hutia kidogo kwenye kisamvu. Magadi ya jikoni ni mapole. Kostiki huunguza. Ukiambiwa dukani "magadi soda", uliza ni yapi, na usome maandishi ya pakiti.

NJIA YA KWANZA: SABUNI LAINI YA MAJIVU

Anza na majivu mazuri. Yanayofaa ni majivu meupe ya kuni ngumu, kama matawi ya mkorosho au mwembe yaliyopogolewa. Majivu ya makumbi ya nazi yana potashi nyingi, na ya maganda ya ndizi pia. Usitumie majivu ya mahali ulipochomea plastiki, mbao zenye rangi, au takataka. Wala hakuna sababu ya kukata mti kwa ajili ya majivu. Msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi umekwisha kuumizwa vya kutosha na mkaa. Majivu ya mafiga yako yanatosha kama utayaweka pakavu kila siku badala ya kuyamwaga.

Chukua ndoo ya plastiki ya lita 20 na uitoboe matundu madogo chini. Tandaza kokoto, juu yake nyuzi za makumbi au nyasi kavu, kisha jaza majivu yaliyochekechwa na kuyashindilia kidogo. Iinue ndoo juu ya mawe, na chini yake weka beseni la plastiki. Mimina maji polepole. Maji ya mvua ndiyo bora, kwa hiyo masika na vuli ni majira mazuri ya kazi hii. Maji ya visima vingi vya Pwani yana chumvi au ukakasi, na hayo hupunguza nguvu.

Maji yatadondoka taratibu yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Yachukue, uyapitishe tena kwenye majivu mapya. Kazi hii huchukua siku nzima, pengine na usiku. Usiisukume.

Utajuaje kama yamekuwa makali? Wazee walitumia yai, nasi hatujapata kipimo rahisi kuliko hicho. Tia yai bichi, la siku chache, ndani ya maji ya majivu. Likizama, maji ni dhaifu: yapitishe tena kwenye majivu, au yachemshe yapungue. Likielea na kutokeza juu sehemu yenye upana wa sarafu, yamefaa. Likielea likilala ubavu, yamezidi ukali: ongeza maji. Yai hilo lisiliwe.

Hapa pana jambo ambalo wengi huliacha, halafu wakalalamika kwamba sabuni ya majivu ni kazi ya kukesha. Maji ya majivu peke yake bado si makali ya kutosha kuyabadili mafuta upesi. Yanahitaji chokaa. Kwa lita 10 za maji yaliyopita kipimo cha yai, tia kama nusu kilo ya chokaa iliyozimwa, koroga yakiwa ya moto, acha yatulie usiku kucha. Asubuhi utaona unga mweupe umezama chini. Chota yale maji safi ya juu, na uyachote kwa uangalifu, maana sasa yanachoma kweli.

KUPIKA

Tumia sufuria ya chuma, ya chuma cha pua, ya enameli isiyobanduka, au chungu. Sufuria za aluminiamu, ambazo ndizo nyingi majumbani, hazifai hata kidogo. Magadi makali huzila, hutoa mvuke na mapovu, na sufuria hutoboka. Ndoo za bati nazo vivyo hivyo. Chombo utakachochagua kiwe cha sabuni tu, kisirudi kupikia chakula. Mwiko nao uwe wake.

Pasha moto lita 1 ya mafuta ya nazi. Ongeza maji ya majivu kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwa kawaida utahitaji lita 3 hadi 4, lakini kwa kuwa majivu hayalingani nguvu, hakuna anayeweza kukupa namba moja ya hakika. Acha ichemke kwa moto mdogo saa mbili au tatu. Sufuria isijazwe zaidi ya nusu, kwa sababu hupanda ghafla kama maziwa.

Ikianza kuwa nzito kama uji wa mgonjwa, chota kijiko kimoja, ukitie kwenye glasi ya maji ya mvua yenye uvuguvugu. Mafuta yakielea, bado ina mafuta yasiyobadilika: ongeza maji ya majivu kidogo, uchemshe tena. Ikiyeyuka yote bila macho ya mafuta, imeiva. Iache ipoe, uihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko. Usijaribu kwa ulimi kama walivyofanya wengine zamani. Ulimi ni wa kusemea.

Kwa kuwa nguvu ya majivu haipimiki sawasawa, ushauri wetu ni huu: sabuni laini ya majivu iwe ya nguo, vyombo na sakafu. Ya kuogea na kunawia iwe ile tutakayoeleza sasa, ambayo hupimwa kwa mizani.

NJIA YA PILI: MCHE WA KOSTIKI

Kwa njia hii huwezi kukwepa mizani. Kama huna, azima kwa mwenye duka au changeni kikundi mnunue. Usipime kostiki kwa kikombe wala kwa kiganja.

Kwa kilo 1 ya mafuta ya nazi: kostiki gramu 170, maji gramu 400.

Kilo moja ya mafuta ya nazi inaweza kula kostiki kama gramu 183. Tumeweka 170 makusudi, ili mafuta kidogo yabaki, yawe akiba ya ngozi. Akiba hiyo ndiyo usalama wako, kwa hiyo angalia isije ikaibwa bila wewe kujua. Huibwaje? Mtu husikia "kilo moja", akapima lita moja. Lita moja ya mafuta haifiki kilo. Ina kama gramu 920. Mafuta hayo yanakula kostiki gramu 168 tu. Ukitia 170, akiba imekwisha yote na gramu mbili zimezidi.

Kosa kubwa zaidi ni kuhamisha kipimo cha mafuta haya kwenda kwenye mafuta mengine. Jirani anakuambia, "Mie natia 170, sabuni yangu nzuri." Ni kweli, maana yeye anatumia nazi. Wewe una mawese. Kilo moja ya mawese inakula kama gramu 141 tu. Ukitia 170, gramu 29 za kostiki zinabaki ndani ya sabuni hazina mafuta ya kula, nazo zitakula ngozi. Jirani hakukudanganya. Mafuta yenu tu ndiyo tofauti.

Andika vipimo hivi ukutani, kila kimoja ni kwa kilo 1 ya mafuta:

Mafuta ya nazi: kostiki gramu 170, maji gramu 400.
Mawese: kostiki gramu 130, maji gramu 300.
Mafuta ya ng'ombe: kostiki gramu 130, maji gramu 300.
Alizeti: kostiki gramu 125, maji gramu 290.
Mafuta ya mbono: kostiki gramu 125, maji gramu 290.
Mafuta ya nyonyo: kostiki gramu 120, maji gramu 280.

Alizeti na nyonyo peke yake hutoa sabuni laini. Zichanganye na nazi au mafuta ya ng'ombe, kila moja kwa kipimo chake, kisha ujumlishe. Mfano: nusu kilo ya nazi ni gramu 85, nusu kilo ya alizeti ni gramu 62 na nusu. Jumla, gramu 147 na nusu. Kuhusu mbono, wakazi wa Kisarawe wanaikumbuka mibono ya shamba kubwa la mafuta ya mitambo, mradi uliosimama mwaka 2011. Mafuta yake yanafaa kwa sabuni ya kufulia. Lakini mbegu za mbono ni sumu, na za nyonyo pia. Watoto wasiziokote wala kuku wasipewe mashudu yake.

Namna ya kuchanganya ni hii:

Kwanza, fanyia kazi nje, upepo ukikupa mgongo. Vaa viatu, glavu, nguo ya mikono mirefu, na miwani ya kukinga macho. Watoto na kuku waondoke.

Pili, mimina kostiki ndani ya maji, taratibu, ukikoroga. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki. Huruka kama mafuta yaliyotiwa maji. Mchanganyiko utachemka wenyewe bila moto na kutoa mvuke. Usiuvute. Uache upoe hadi ukigusa chombo kwa nje usikie vuguvugu.

Tatu, pasha mafuta yawe vuguvugu, kisha mimina maji ya kostiki ndani yake kama uzi, ukikoroga kwa mwiko wa mbao bila kupumzika. Baada ya nusu saa hivi, pengine zaidi, itakuwa nzito kama uji. Ukidondosha tone juu, linaacha alama kabla ya kuzama. Hapo imefika.

Nne, mimina kwenye kisanduku cha mbao kilichotandikwa nailoni. Sabuni ya nazi huganda upesi. Ikate siku hiyohiyo au kesho yake ukiwa bado umevaa glavu, maana ukichelewa humeguka.

Tano, panga vipande juu ya kichanja, penye kivuli na hewa, visigusane, kwa wiki nne. Ndugu zangu, wiki nne ni sehemu ya kazi. Katika siku za mwanzo kostiki bado inaendelea kula mafuta, halafu maji yanakauka na kipande kinakuwa kigumu, hakiishi upesi. Anayeuza sabuni ya juzi anakuuzia maji, tena maji yenye ukali. Kilo moja ya mafuta hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya sabuni mbichi, nayo hupungua ikikauka.

HATARI ZISIZO NA MZAHA

Mtu aliyewahi kubangua korosho anajua mafuta ya ganda lake yanavyochubua vidole. Kostiki ni kali kuliko hayo, na haisubiri kesho. Ikikurukia, vua nguo iliyolowa, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, robo saa au zaidi. Usipake mafuta, usipake ndimu. Ikiingia jichoni, suuza vivyo hivyo huku jicho likiwa wazi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Lakini linalotutia hofu zaidi ni chupa. Maji ya kostiki au maji makali ya majivu yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda, ya maji ya kunywa au ya juisi. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Tone moja la kumeza huweza kuunguza koo, na koo lililoungua likipona hujikunja likawa jembamba, mtoto akashindwa kumeza hata uji. Kama ajali imetokea, usimtapishe. Kinachochoma wakati wa kushuka huchoma tena wakati wa kupanda. Msukutue mdomo, umkimbize hospitali: walio Kibaha kuna Tumbi, walio Kisarawe kuna hospitali ya wilaya. Nenda na pakiti ya kostiki ili mganga aione. Na jioni ya siku ya kazi, kilichobaki kifungwe ndani ya kopo lake kavu, kifungiwe juu.

MATUMIZI YA KILA SIKU

Kunawa mikono. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya sabuni, kabla hata ya nguo. Kipindupindu kimekuwa kikizuka nchini mwetu tangu miaka ya 1970. Mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia Dar es Salaam, jirani yetu wa karibu, ukasambaa katika mikoa mingi. Nawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kumlisha mtoto. Kipande kitobolewe, kipitishwe kamba, kitundikwe kando ya choo pamoja na kibuyu au galoni la maji. Sabuni iliyofungiwa kabatini haiwezi kumsaidia anayetoka chooni.

Kufua. Sabuni ya mafuta ya nazi ina sifa moja inayotufaa sana sisi wa Pwani: hutoa povu hata katika maji ya chumvi, ambapo sabuni nyingine hugeuka utando mweupe unaoganda kwenye nguo. Hata hivyo ukiwa na maji ya mvua, suuzia hayo.

Kuumwa na mbwa. Jambo hili liandike. Mbwa, hata awe wa jirani, akimng'ata mtu, osha jeraha palepale kwa maji na sabuni kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa. Kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo ya kichaa cha mbwa. Sabuni haichukui nafasi ya chanjo, lakini huondoa sehemu kubwa ya virusi kabla havijaingia ndani. Kichaa cha mbwa kikishaanza hakina dawa. Kwa sababu hiyo, kipande cha sabuni katika nyumba ya shamba ni cha kuokoa maisha.

Mifugo. Mwenye ng'ombe wa maziwa anawe mikono kwa sabuni, aoshe kiwele kwa maji safi ya vuguvugu na kukikausha kwa kitambaa safi kabla ya kukamua. Vyombo vya maziwa vioshwe kwa sabuni, visuuzwe vizuri na kuanikwa juani.

Bustani. Sabuni laini ya majivu huua vidukari kwenye kunde, mchicha na bamia. Yeyusha kijiko kimoja cha chakula katika lita 1 ya maji, chuja, pulizia asubuhi mapema au jioni, hasa chini ya majani wanakojificha. Jaribu kwanza kwenye majani machache, ungoje siku mbili. Yakibabuka, ongeza maji. Sabuni huua mdudu iliyemgusa tu, haibaki kulinda, kwa hiyo utarudia baada ya siku chache. Osha mboga kabla ya kupika.

Na majivu yaliyokwisha kuchujwa yasitupwe. Yatie kwenye shimo la mboji kidogo kidogo, si kwenye mashina ya miche. Maji ya kufulia yenye sabuni ya kostiki usiyamwage kila siku mahali pamoja bustanini. Soda huharibu udongo.

JE, INALIPA?

Ni swali la haki. Minazi mingi ya Pwani imekufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, na nazi nzuri ina bei. Kugeuza nazi nzuri kuwa sabuni pengine ni hasara. Basi fanya hesabu yako mwenyewe. Kuna nazi zako ndogo na zilizopasuka: zikune, kamua tui, liache usiku, chota mtindi wa juu, uchemshe hadi mafuta yajitenge. Machicha yapewe kuku. Andika nazi ngapi zimetoa lita moja, kostiki imegharimu kiasi gani, na vipande vingapi vimepatikana. Mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki au vitumbua nayo yanafaa kwa sabuni ya kufulia, ukiyachuja. Ukiona mche wa dukani ni nafuu kuliko wako, nunua wa dukani bila aibu. Kujua hesabu nako ni faida.

Kwa wenye nia ya kuuza, msianze kila mtu na sufuria yake. Ungeni kikundi, mnunue mizani moja nzuri, glavu na miwani. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, hufundisha utengenezaji wa sabuni, na Shirika la Viwango, TBS, ndilo linalopima ubora wa bidhaa kabla hamjaipeleka sokoni kwa jina lenu. Kibaha yenyewe si mgeni wa mafunzo ya namna hii: kituo kilichojengwa pale miaka ya 1960 kwa ushirikiano na nchi za Nordik, kikakabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970, kilikuwa na sehemu ya kuwafundisha wakulima tangu mwanzo.

MASWALI MAWILI

"Bwana, sabuni yangu imetoka na unga mweupe juu. Imeharibika?"

Unga mwembamba juu tu si neno, ukwangue. Lakini ukikata kipande ukakuta mabonge meupe au maji ndani, hiyo kostiki haikuchanganyika. Isiguse mwili wala nguo. Vaa glavu uikwangue, uipike upya na maji, na ukiona hujui mafuta mangapi uongeze, izike mbali na kisima.

"Je, niongeze udongo mweupe wa Pugu iwe nyingi?"

Udongo huo huongeza uzito, hauongezi kutakatisha. Ukiuza, unamuuzia mwenzako udongo kwa bei ya mafuta.

YA KUKUMBUKA

Pima kwa mizani, si kwa macho. Kila mafuta na kipimo chake. Kostiki ndani ya maji, si maji juu ya kostiki. Aluminiamu hapana. Chupa ya soda hapana. Wiki nne kichanjani. Na kipande cha kwanza kitakachokauka, kabla hujauza wala kugawa, kitundike kando ya choo chako.